Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Maabara kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wahitimu wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutufikisha siku hii ya mahafali. Nawe, Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Karibu sana.

Historia ya chuo na idadi ya wahitimu Mkuu wa Chuo ameshazieleza. Sisi tumeomba nafasi yetu tuitumie kwa jambo moja lililotushika tangu mwaka wa pili: rangi za floresensi. Hizi ni rangi ambazo ukizimulika kwa mwanga wa aina moja hutoa mwanga wa aina nyingine, na kile kilichojificha kwenye damu au makohozi kikajitokeza chenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1852 na George Gabriel Stokes wa Cambridge, Uingereza. Alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kisha akasogeza kichupa cha maji ya kwinini kutoka upande wa nyekundu kwenda urujuani. Njia karibu yote hakikutokea kitu. Alipofika mwisho wa urujuani na kuvuka, mahali ambapo jicho linaona giza tupu, kichupa kikawaka buluu. Ni kwinini ile ile waliyomeza wazee wetu kutibu malaria. Stokes akaonesha kwamba dutu za namna hii hupokea mwanga wa mawimbi mafupi na kuurudisha ukiwa na mawimbi marefu zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa kazi sisi watu wa maabara: chujio la hadubini linazuia mwanga unaoingia na kuruhusu ule unaotoka, kwa hiyo kila kitu kinabaki gizani isipokuwa kilichoshika rangi.

Ila rangi peke yake haijui iende wapi. Mwaka 1941 Albert Coons wa Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha kazi ya kufunga rangi ya floresensi kwenye kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazotambua bakteria wa nimonia. Kingamwili ikamfuata adui wake, na rangi ikaenda nayo. Kwa maoni yetu hapa ndipo mlango wenyewe ulipofunguka, kwa sababu tangu hapo mtafiti anaweza kuuliza kuhusu molekuli moja tu kati ya maelfu na akajibiwa.

Kwa Watanzania wengi, matunda ya kazi hiyo yalikuja kwa jina la CD4, yaani hesabu ya seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU. Damu ya mgonjwa inachanganywa na kingamwili zilizofungwa rangi, kisha seli zinapita mbele ya leza moja moja, kama malori yanavyopita kwenye mizani ya barabarani, na mashine inahesabu zile zinazowaka. Hadi mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri, hesabu hiyo ilitumika sana kuamua nani aanze na nani angoje. Wapo humu ukumbini wazazi wanaokumbuka ilivyokuwa kusubiri namba ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungependa kukaa zaidi kwenye kifua kikuu, maana huko ndiko wengi wetu tutakakofanya kazi.

Slaidi ya makohozi ikishakaushwa na kushikishwa kwa moto, inamwagiwa auramini, mojawapo ya rangi za floresensi, na kuachwa dakika 20, bila kupashwa moto kama tunavyofanya kwenye njia ya Ziehl-Neelsen, ile ya zamani inayosomwa kwa mwanga wa kawaida. Inasuuzwa, inawekewa asidi na alkoholi dakika 3, kisha potasiamu pamanganeti dakika 1 tu; ikizidi hapo, hata bakteria wenyewe wanafifia. Ukuta wa bakteria wa TB una nta nyingi, hivyo ukishapokea rangi asidi haiwezi kuiondoa. Ukitazama unaona uwanja mweusi, na juu yake vijiti vyembamba vya kijani-njano, vingine vimepinda kidogo. Kwenye Ziehl-Neelsen tunatumia lenzi ya 100 na mafuta, tukisogeza slaidi kidogo kidogo. Kwenye auramini lenzi ya 20 inatosha kutafuta na ya 40 kuthibitisha, kwa hiyo eneo kubwa linasomwa kwa muda mfupi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba njia hii inanasa wagonjwa zaidi, kwa wastani wa asilimia 10.

Zamani kikwazo kilikuwa balbu ya zebaki: ghali, inapata moto sana, na huisha baada ya saa mia chache tu za kazi. Taa za LED zimeondoa tatizo hilo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zichukue nafasi yake. Hata pale Morogoro, ambako panya buku wa shirika la APOPO wananusa makohozi kutafuta TB, sampuli waliyoionesha hurudiwa na mtu wa maabara kwenye hadubini.

Tunajua swali litakalofuata: kwa nini hadubini, wakati GeneXpert, mashine inayopima TB kwa vinasaba, ipo? GeneXpert yenyewe inafanya kazi kwa rangi hizi hizi. Ndani ya katriji kuna vipande vya vinasaba vyenye rangi iliyozimwa. Kipande kikikutana na kinasaba cha bakteria kinachofanana nacho, kinafunguka na kuwaka, na ndani ya saa 2 tunajua kama kuna TB na kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi. Lakini mashine hiyo inasoma hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa. Mgonjwa aliyeko kwenye dozi, tunayetaka kujua kama anapona, bado anarudi kwenye slaidi. Hivyo hadubini haijastaafu.

Huko kwenye utafiti mambo yamekwenda mbali. Osamu Shimomura alitenga protini inayowaka kijani kutoka kwa samaki jeli mwaka 1962; Martin Chalfie na Roger Tsien wakaiendeleza, na watatu hao wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Wanasayansi wameiweka protini hiyo ndani ya vimelea vya malaria, wakaviona vikitembea kwenye ngozi ya panya aliyetoka kuumwa na mbu. Vikiwa hai! Tulipooneshwa video ile darasani hakuna aliyetaka kwenda mapumziko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya yote tumejifunza zaidi kwa picha na kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo. Hadubini za chuo ni za mwanga wa kawaida. Kusoma auramini kunataka jicho lililozoea, kwa kuwa uchafu na mabaki ya chakula navyo huwaka, na asiyezoea anaweza kumpa mtu asiyeumwa jibu la TB au kumkosa mgonjwa. Tunaomba mambo matatu kwa ajili ya wadogo zetu wanaobaki: hadubini moja ya LED ya floresensi, au hata kifaa cha kufunga kwenye hadubini tulizonazo, mapazia meusi ya chumba kimoja cha vitendo, na ruhusa ya slaidi zilizokwisha kusomwa katika hospitali ya mkoa, bila majina ya wagonjwa, zije chuoni kwa mazoezi. Slaidi za auramini hufifia zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo tunaomba zije mapema na zikiwa kwenye boksi lililofungwa. Hili la tatu halina gharama, na tunaamini liko ndani ya uwezo wa ofisi yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Sayansi ya Maabara za Afya