Barafu tunaitaka baharini, sokoni tushachelewa

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Malindi. Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua niseme jambo moja la barafu, na kama maneno yatakuzidi punguza utakapo lakini pale kwa fundi viatu tafadhali usipaguse, manake ndipo penye kazi.

Mimi ni mvuvi wa mshipi, naishi Shella hii yetu ya Malindi si ile ya Lamu, na navua na kayaki. Najua kuna wasomaji washaanza kucheka. Kayaki yenyewe ni ya plastiki, ile ya kukalia juu, zamani ilikuwa rangi ya machungwa saa hizi jua limeila imekuwa kama boga lililochemshwa, niliinunua kwa hoteli moja iliyokuwa inauza vitu vyake vikuukuu. Pale ufuoni wananiita Nahodha wa Beseni. Wacha waite. Sina mashine, sinunui petroli, sina tajiri wa kugawana naye samaki, ni kafi langu na mshipi wangu basi, na kaskazi bahari ikitulia natoka alfajiri narambaza, yaani nauvuta mshipi nyuma ya chombo, nje ya mwamba mpaka jua likianza kuchoma. Ile mbuga ya baharini siingii, imetengwa tangu 1968 na kuvua humo ni marufuku, nalisema mapema kabla mtu hajashika kalamu kunijibu.

Sasa mwezi wa pili mwaka jana nikapata nguru. Saa mbili asubuhi, samaki wa kilo nane hivi, alinivuta na kayaki yangu karibu robo saa, mikono ikakatwa na mshipi lakini nikamtoa. Nikamlaza miguuni, nikamfunika na gunia lililolowa kama walivyofanya wazee wetu, nikaendelea kuvua, manake nguru akila mmoja huwezi kuondoka, roho haikubali. Nimefika pwani saa saba mchana. Mnunuzi wa mahoteli akamfunua shavu, akatazama, akamfunika tena, akaenda zake bila hata kuniuliza bei. Akaja mama karanga mmoja, hawa kina mama wanaokaanga samaki na kuuza, mtu mzima, tunaheshimiana siku nyingi, akambonyeza samaki tumboni kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Mwanangu, huyu umemvua jana?"

"La hasha mama, leo asubuhi wallahi."

"Basi jua limemvua mara ya pili," akaniambia, na akanilipa nusu ya bei, na hata hiyo nusu nadhani alinionea huruma.

Nilikaa na maneno yale. Manake ni kweli, samaki yule hakuharibika sokoni wala hakuharibika kwa kukosa jokofu, aliharibikia miguuni kwangu, juu ya plastiki iliyopata moto kama kikaango. Maji ya bahari yetu wakati wa kaskazi hufika nyuzi 28, 29, hata 30, kwa hivyo samaki anatoka majini mwili wake ushakuwa na joto, ukimwacha juani kwa muda wa saa tano umeshampika nusu. Gunia la maji linasaidia kidogo, silidharau, lakini halishushi joto la nyama hadi pale panapotakiwa ambapo ni nyuzi 4 kurudi chini. Na samaki wa damu nyingi kama jodari na vibua, hata huyo nguru, ana balaa nyingine, akikaa na joto nyama yake inatengeneza kitu kinaitwa histamini, mtu akila uso unamwiva, mdomo unawasha, kichwa kinagonga, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha na ndimu. Mwingine hana hata harufu ya kukuonya. Halafu lawama anabebeshwa mama karanga na karai lake.

Ndiyo nikaamua kutengeneza begi la barafu. Kasha gumu la dukani nilishawahi kuazima, halifai kwa kayaki, limesimama juu sana, upepo unalishika kama tanga, na nguru haingii mpaka umkunje. Nilitaka kitu kirefu, kifupi kwa kimo, kilale nyuma yangu kifuate umbo la chombo, kwa mgongo wangu kipana halafu kinakwenda kikichongoka.

La kwanza nililoshona lilikuwa aibu tupu. Nilitumia sponji ya godoro kuukuu, nikaona ni nene, ni laini, ni ya bure. Kumbe godoro linakunywa maji. Siku ya tatu begi tupu lilikuwa zito kuliko samaki, linanuka, na paka wote wa mtaa wamekuja kulala mlangoni kwangu, mke wangu akaniambia nichague, begi au nyumba. Kwa hivyo ukitaka kujaribu hii kazi anza na ndoo ya maji. Chukua kipande cha sponji unayotaka kutumia, kizamishe, kiminye huko huko ndani. Ikitoa mapovu halafu ukiiachilia inafura na maji, rudisha kwa godoro. Ikikataa kuminyika vizuri na ikiruka juu kavu kama kizibo, hiyo ndiyo. Mimi nilipata vile vimikeka vya mazoezi wanavyolalia wageni wakijinyoosha, kwa mitumba, viwili kwa shilingi 1,200. Sponji yake imefunga, kila kitundu kina hewa yake ndani na hewa haitembei, na hewa iliyotulia mahali pamoja ndiyo inayozuia joto, sponji yenyewe ni boma tu la kuishika. Nikaongeza ile karatasi ya kung'aa wanayoweka chini ya mabati kuzuia joto la paa, mita mbili kwa 500 kwa duka la vifaa vya ujenzi.

Ngozi ya nje na ya ndani sikununua. Mtakumbuka uchaguzi wa 2022 miji yote ilivaa mabango. Yale mabango ya plastiki nzito hayaozi, hayapitishi maji, na baada ya kura hakuna anayeyataka, kuna mtu alikuwa amefunikia kuku. Nikamwomba moja. Sitaji la nani. Nikaligeuza upande mweupe ukawa nje, manake rangi nyeupe inarudisha jua, na upande wa picha ukawa ndani.

Sasa fundi viatu. Nilimpelekea vipande nimekata kwa makasi, urefu mita moja, upana sentimita 45 kichwani na 25 mkiani, kimo 25, nikadhani kazi ni kushona tu. Akanitazama. Akaniambia, bwana, kila tundu la sindano ni tundu la maji, ukinipa nishone hivi hivi utarudi kulia hapa. Akapaka gundi kwanza kila ukingo, akasubiri ikauke ishike kidole bila kuchafua, akabandika upana wa vidole viwili juu ya mwenzake, akagonga na nyundo ya mpira polepole toka mwanzo hadi mwisho, ndipo akashona kwa uzi wa nailoni juu ya gundi, halafu akakata ukanda mwembamba wa bango akaubandika juu ya mshono kama anaziba pancha. Ngozi ya ndani hivyo, ya nje hivyo, vimikeka na ile karatasi ya kung'aa katikati, sponji imefungwa pande zote haioni tone. Zipu akanikataza, akasema chumvi itaila kabla ya Ramadhani. Badala yake mdomo wa begi umeachwa mrefu, unaukunja mara tatu kama mfuko wa unga halafu unaubana na mikanda ya mabegi ya shule. Pembeni chini kabisa akatoboa tundu akabandika shingo ya chupa ya soda pamoja na kifuniko chake, nikitaka kumwaga maji nafungua kifuniko tu. Hiyo ilikuwa akili yake, mimi nisingeifikiria. Kazi 500, gundi 350, mikanda 300. Jumla pamoja na vimikeka na ile karatasi ni 2,850, na nguru yule mmoja alinipotezea karibu hizo hizo.

Barafu nagandisha mwenyewe, chupa nne za lita moja na nusu, usizijaze hadi juu maji yakiganda yanafura chupa inapasuka. Hapa palikuwa na vita kidogo, manake friza ni ya mke wangu, anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa chuo, na hataki chupa iliyolala na samaki ilale tena na ukwaju wake, na ana haki. Tukasikizana chupa zioshwe kwa sabuni na zikae kwa ndoo yake peke yake. Mbili naweka maji ya bahari badala ya maji matamu, yanaganda chini ya sifuri kidogo na yakiyeyuka yanashika baridi hiyo hiyo, zile mbili za maji matamu saa saba nazinywa.

Jambo ambalo wengi watalikosea ni kutupa samaki juu ya chupa na kufunga. Samaki ataganda mgongo, tumbo liko moto, na uozo unaanzia tumboni. Ukipata samaki wa kwanza mimina lita tatu nne za maji ya bahari ndani ya begi, yataingia kati ya chupa yapoe, na samaki alale ndani ya maji hayo yamkumbate pande zote. Maji matamu usimimine, macho yanapauka mnunuzi anadhani samaki ni wa juzi. Kabla hajaingia umkate chini ya mashavu damu itoke, najua samaki ni halali hata bila kisu, hiki si kisu cha dini ni kisu cha biashara, damu ikibaki nyama inaharibika mbio. Matumbo nikipata nafasi natoa huko huko. Halafu juu ya begi natandika leso kuukuu nairushia maji kila nikikumbuka, ule upepo ukikausha leso unapoza begi bure.

Na mzigo uangalie. Kilo sita za barafu na kilo kumi za samaki nyuma yako, pua ya kayaki inainuka, upepo wa ubavuni unakuzungusha utapiga kafi upande mmoja mpaka bega lilie. Mimi nimelisogeza begi likagusa mgongo wangu na nimelifunga kwa vile vitanzi vya kayaki, nikipinduka libaki na chombo. Limeshapinduka mara moja, karibu na maji mekundu ya mto Sabaki, halikufunguka. Likielea linaelea kama pono aliyeshiba.

Siku ya kwanza nilipolitoa nilipata kolekole watatu, nikafika saa saba na nusu, nafungua mdomo wa begi mbele ya watu na kitu cha kwanza kinachoonekana ni jicho la mheshimiwa wa bango linanitazama kati ya kolekole wawili. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini chupa zilikuwa bado na barafu zaidi ya nusu, na mama karanga yule yule akaweka kidole gumba tumboni mwa samaki, akakiondoa, tumbo likarudi. Hakusema kitu. Akatoa pesa.

Sasa Mhariri nafika kwa wakubwa. Kila mkutano wa ufuoni tunaambiwa habari ya chumba cha baridi, kitajengwa, kitapanuliwa, kitaletewa mashine. Mimi sikikatai. Lakini chumba cha baridi kinapokea samaki wa saa saba mchana, na samaki wa saa saba mchana bila barafu ya alfajiri ni marehemu anayepelekwa hospitali. Friza ya mke wangu inatosha mtu mmoja, na stima ikipotea usiku hata huyo mmoja hatoki. Pale panapouzwa barafu karibu na sisi mlango unafunguliwa saa mbili, sisi saa mbili tuko nje ya mwamba, na ukifika unaambiwa gunia zima au uende. Gunia zima nalitia wapi kwa kayaki? Wenye mitumbwi midogo na vihori shida yao ni hiyo hiyo, si mimi peke yangu mwenye beseni.

Ninachoomba ni vitu viwili na havihitaji mfadhili. Mlango ufunguliwe saa kumi alfajiri, hata siku tatu kwa wiki, hata mtu mmoja na taa. Na barafu ipimwe kwa kilo, anayetaka kilo tano auziwe kilo tano. Fundi viatu yupo, mabango mengine yanakuja mwaka 2027, begi kila mtu atajishonea.

Mvuvi wa kayaki,
Shella, Malindi