Kwa mjomba, kuhusu yule uliyemwita mtoto wetu

Mjomba, shikamoo.

Jumapili kwenye simu uliniuliza makaratasi yangu ya huku yatakamilika lini. Nikajibu "bado kidogo", nikakuuliza habari za goti. Umenilea tangu nikiwa na miaka saba, hukustahili jibu la namna ile. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu swali lako linaulizwa na kila mwenye ndugu Uingereza, na wengi wetu tunalikwepa vivyo hivyo.

Nianzie barazani kwako Magomeni, Oktoba 2022. Taarifa ya habari ilikuwa imemtangaza Rishi Sunak kuwa waziri mkuu mpya wa Uingereza. Uliweka chini kikombe cha kahawa ukawaambia wenzako: "Baba yake kazaliwa Kenya, mama yake kazaliwa hapa hapa Tanganyika. Huyu mtoto wetu." Mmoja akasema Wazungu ni Wazungu tu, chama ni kile kile. Ukamjibu zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilikuwa kizingitini na bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vya kuombea viza, na niliamini kila ulichosema.

Tangu Februari 2023 niko Leicester, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nimeona kwamba siku ile sote tuliangalia sura ya aliyekaa kwenye kiti, hatukuuliza kiti chenyewe kinapatikanaje.

Chukua mwaka ule ule wa 2022. Julai, Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, aliangushwa na mawaziri na wabunge wa chama chake. Waliobaki mwishoni kugombea uongozi ni Liz Truss na Sunak, na waliopiga kura hawakuwa wananchi. Walikuwa wanachama wa chama hicho tawala, Conservative, watu wasiofika 200,000 katika nchi ya watu milioni 67. Ukitaka kushinda mle, unaahidi kinachopendwa mle. Wote wawili waliahidi kuendelea na mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wanaovuka bahari kwa vijiboti, na Truss akaongeza kwamba atatafuta nchi nyingine za kuwapokea. Alishinda, akaleta bajeti ya kupunguza kodi kwa pesa za kukopa, pauni ikaporomoka, akatangaza kujiuzulu baada ya siku 44. Sunak akaingia, na Rwanda akaingia nayo.

Mpango ule ulitangazwa Aprili 2022 na Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Miaka miwili kabla, redioni, alikiri kwamba kwa sheria anazozileta huenda wazazi wake wenyewe wasingeingia. Aliyemrithi, Suella Braverman, ni binti wa mtu aliyeondoka Kenya 1968, na alisema hadharani kwamba ndoto yake ni kuiona ndege ikiruka kwenda Rwanda. Nilipoyasoma maneno yale nilikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, nikashindwa kuvivua.

Nataka tuutazame huo mwaka 1968, mjomba.

Kazini tunaye bibi wa Kihindi, simtaji jina, aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Kiingereza kinamtoka kidogo kidogo kadiri akili inavyopotea, lakini Kiswahili kimebaki. Usiku wa manane anabonyeza kengele, nikifika ananishika kiganja: "Ndugu yangu nakuja leo?" Namwambia atakuja, bibi, lala. Mwanawe ndiye aliyenieleza. Bibi aliingia Uingereza Februari 1968. Kaka yake alikuwa amechelewa wiki chache akiuza duka, na ana pasipoti ya Uingereza kama ya dada yake, rangi ile ile, nembo ile ile. Mlango ukafungwa katikati yao.

Waliokuwa wakitoka Nairobi walikuwa wamebanwa na sheria za Kenya za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, kwa hiyo na sisi Waafrika Mashariki tuna fungu letu katika habari hii. Lakini pasipoti waliyoshika ilitolewa na Uingereza yenyewe. Serikali ya chama cha Labour ilipeleka muswada bungeni na kuupitisha kwa siku tatu tu. Kuanzia Machi, pasipoti haikutosha tena: ulitakiwa uwe na mzazi au babu mwenye asili ya Uingereza. Wengine wote walitengewa hati 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Kaka yake bibi alisubiri yake miaka minne. Alikuja, akaishi hapa hapa Leicester, akazikwa. Dada yake bado anamsubiri.

Wiki chache baada ya sheria ile Enoch Powell, mbunge wa Conservative, alitoa hotuba Birmingham ya kuwatisha watu kuhusu wageni. Edward Heath, kiongozi wa chama, alimwondoa kwenye baraza lake la mawaziri kivuli. Miaka minne mbele Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaomba wasije huku, na Heath huyo huyo, sasa waziri mkuu, akapokea watu zaidi ya 27,000. Namkumbuka sana Heath. Hakuwa na mama wa Tanganyika, na alisimama.

Waliofungiwa nje 1968 walipeleka kesi Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na 1973 Tume ikaona kwamba walidhalilishwa kwa ubaguzi wa rangi. Mahakama iliyoizuia ndege ya kwanza ya Rwanda, Juni 2022, iko mji huo huo na inasimamia mkataba ule ule uliotumiwa na Tume, Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya. Oktoba 2025 Kemi Badenoch, aliyekulia Lagos na sasa anaongoza Conservative, aliahidi kuitoa Uingereza kwenye mkataba huo.

Utasema Labour si walishinda Julai 2024, na Keir Starmer akawa waziri mkuu akaufuta mpango wa Rwanda? Kweli, aliufuta. Lakini Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachopinga wahamiaji, kilipoanza kuwachukulia kura na halmashauri, Starmer naye akasimama Mei 2025 akisema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye alisema anajuta. Majira yale ya joto bendera za England, zile nyeupe zenye msalaba mwekundu, zilifungwa kwenye nguzo za taa katika miji mingi, na wauguzi wenzangu wakaanza kutembea wawili wawili wakitoka zamu ya usiku. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wazee wanageuzwa vitandani na wageni kila baada ya saa mbili, mjomba, wasipate vidonda.

Sasa jibu lako. Nilipoingia, sheria ilisema miaka mitano ndipo niombe makazi ya kudumu: Februari 2028. Novemba 2025 waziri wa mambo ya ndani, Shabana Mahmood, binti wa wazazi wenye asili ya Pakistani, alipendekeza miaka kumi kwa wengi, na kumi na mitano kwa kazi kama yangu, pamoja na sisi tuliokwisha kuwamo. Ikipita hivyo ni Februari 2038. Nimelihesabu mara nyingi kwa vidole nikiwa zamu. Wewe utakuwa na miaka 86.

La mwisho linahitaji haraka. Shangazi ameniambia binamu yangu mdogo amepata wakala wa kumleta huku kutunza wazee, na mmekubaliana kukiuza kiwanja cha Chanika. Njia hiyo ilifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Haipo. Wakala akikuonyesha barua, nitumie picha yake usiku huu huu, niko zamu, simu iko mfukoni. Kiwanja msikiuze.