Betri za sola na baridi ya Kitulo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wanaonunua betri za sola za kupeleka Makete: kabla ya bei, ulizeni upande hasi wa betri umetengenezwa kwa nini.

Betri nyingi za lithiamu madukani, hata zile za fosfeti ya chuma zinazosifiwa kwa kudumu, upande huo ni grafiti, aina ya kaboni. Kitulo, huko Makete, Juni na Julai, umande huganda majanini. Jua likichomoza paneli huanza kuchaji ilhali betri bado iko chini ya nyuzi 0. Lithiamu hushindwa kupenya kwenye grafiti, hujibandika juu yake kama utando wa metali. Sehemu ya utando huo hairudi kazini tena, na ukiota miiba ikatoboa kitenganishi, ile karatasi nyembamba kati ya pande mbili za betri, ni shoti. Kuwasha taa kwenye baridi si neno; kuchaji ndiko kunakoua.

Oksidi ya titani na lithiamu, inayowekwa upande hasi badala ya grafiti kwenye betri nyingine, haina ugonjwa huo. Hupokea lithiamu kwenye volti 1.55, mbali na pale utando unapoanza, yaani 0. Grafiti iko karibu na 0.1. Ila oksidi hiyo hupitisha umeme kwa shida, ndiyo maana husagwa sana. Chembe ikipunguzwa kutoka mikromita 10 hadi nanomita 100, njia ya lithiamu hufupika mara 100 na muda wa kupenya mara 10,000. Hiyo ndiyo nano yenye maana. Neno "nano" linalobandikwa kwenye boksi la betri ni rangi tu. Ubaya wake, chembe ndogo zina uso mwingi unaogombana na elektroliti, kimiminika cha ndani ya betri. Kukiwa na joto hutoka gesi na seli huvimba, basi isikae darini chini ya bati.

Betri ya oksidi ni kubwa na nzito: gramu moja ya oksidi hubeba chaji ya miliampea-saa 175, grafiti 372.

Mafundi, seli 5 za oksidi za volti 2.4 kwa mfululizo ndizo volti 12. Kontrola ya chaji iliyopangwa volti 14.6, kwa ajili ya seli 4 za fosfeti, huipa kila seli volti 2.92, na kikomo chake ni 2.8. Pangeni 13.5.

Mwenye grafiti tayari aiweke chumba cha ndani, ukuta wa upande wa jikoni, na adai saketi ya ulinzi yenye kihisi kinachokata chaji kwenye nyuzi 0. Nyingi za bei rahisi hazina.

Fundi sola,
Mbeya