Latke zako na hamantashi zangu

Chicago,
16 Machi 2025

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mzee na watoto wote hapo Muheza. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea na mfungo unakwenda vizuri. Najua nawe uko kwenye Kwaresima, basi Mungu atutakabalie sote.

Barua yako ya Krismasi niliisoma nikacheka peke yangu jikoni, nikairudia nikapandisha mori. Kurasa tatu nzima za kuisifia latke, kile kiazi cha kukaanga cha Wayahudi! Na mwisho ukamalizia kwamba hamantashi, ile keki yao ya pembetatu, ni sambusa iliyosahau kufungwa. Hilo siliachi lipite. Nimekaa kimya tangu Januari kwa makusudi, nikingoja Purimu, sikukuu yao ya hamantashi, ifike, maana hamantashi haitetewi na mtu ambaye mikono yake haina unga.

Unaikumbuka ile Jumanne ya Novemba tulipokwenda ukumbi wa Mandel pale chuo kikuu? Maprofesa waliingia kwa maandamano, wamevaa majoho kama siku ya mahafali, kisha mmoja mmoja akapanda jukwaani kuthibitisha kwa fani yake kipi bora, kiazi cha kukaanga cha Hanuka au keki ya pembetatu ya Purimu. Wewe ulishangilia latke kabla mtu wa kwanza hajafungua mdomo. Baadaye tukashuka kula zote mbili, na mpaka leo hakuna aliyetangazwa mshindi.

Tangu uondoke nimezidi kuyafuatilia. Mjadala ule ulianza mwaka 1946 pale Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walioubuni ni Rabi Maurice Pekarsky, mwanaanthropolojia Sol Tax na mwanahistoria Louis Gottschalk. Hebu utazame mwaka wenyewe, shoga. Vita vimemalizika mwaka mmoja tu nyuma, Wayahudi milioni 6 wameuawa Ulaya, na zama hizo profesa Myahudi mara nyingi Uyahudi wake aliuacha nyumbani alipokwenda kazini. Watu hawa wakaona wawaite walimu wasimame mbele ya wanafunzi, na elimu yao yote na vyeo vyao vyote, wabishane kuhusu mapishi ya bibi zao. Kila nikilifikiria hilo linanigusa. Hanuka na Purimu zote ni sikukuu za watu waliokusudiwa kufutwa, wao au dini yao, wakabaki. Mtu aliyebaki ana haki ya kubishana juu ya chakula kwa sauti kubwa.

Na wamebishana haswa. Hanna Holborn Gray, mwanahistoria aliyekuwa rais wa chuo kuanzia 1978 hadi 1993, aliwahi kupanda jukwaani. Leon Lederman, mwenye Nobel ya fizikia ya mwaka 1988, naye alipanda. Mjadala umeenea hadi vyuo vingine, na kule MIT profesa mmoja wa sheria kutoka Harvard aliishitaki latke kwamba inaizidishia Marekani utegemezi wa mafuta. Tena zipo kanuni: anayezungumza lazima awe na shahada ya uzamivu au inayolingana nayo, na lazima awepo angalau mmoja asiye Myahudi. Shahada hiyo mimi na wewe hatuna, lakini kanuni ya pili inatupa nafasi ya kusema neno, nami naitumia.

Sasa nije kwenye hoja zako. Ya kwanza umeitoa kwenye Injili ya Yohana, sura ya 10, pale Yesu anapotembea Hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, ukaniambia ndiyo Hanuka yenyewe na kwa hiyo latke ina ushahidi wa Maandiko. Sikukuu ina ushahidi, nakubali. Latke haina. Yuda Makabayo na ndugu zake walilikomboa Hekalu na kulitakasa mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya mfalme Antioko wa Nne kulinajisi, na Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wao wa kale, ndiyo inayosimulia habari ya chupa ya mafuta ya siku moja iliyowaka siku nane. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Wamakabayo hawakukiona, hata Yesu hakukiona. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikifanya chakula chao cha kila siku katika karne ya 19, kwa sababu kilikuwa rahisi na kilistahimili baridi. Kabla ya hapo walikuwa na jibini. Rabi Moses Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, aliandika juu ya desturi ya kula jibini siku za Hanuka kwa kumkumbuka Yudithi, yule mwanamke aliyemlisha na kumlevya jemadari wa adui kisha akamkata kichwa. Na huko Israeli leo kinachojaza maduka siku za Hanuka ni donati za jamu. Muujiza ni wa mafuta, na mafuta hukaanga chochote utakachoyatumbukizia.

Hamantashi nayo ina umri wake na asili yake ni Ulaya, hilo silifichi. Lakini imeshika kisa chake kwa jina na kwa umbo. Kile kitabu cha Esta kwenye Biblia yako hiyohiyo, chenye Hamani aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi wote wa ufalme wa Ahasuero kwa siku moja, katika Kiebrania chake hakilitaji jina la Mungu hata mara moja. Wayahudi husema Mungu yumo, amefichika. Ndiyo maana nampenda yule anayesema vya ndani ya hamantashi vimekaa hivyohivyo, vimefunikwa pande tatu, na pameachwa katikati tundu dogo la kuchungulia. Lile tundu unalolicheka wewe ndilo linaloipa keki maana.

Lakini hoja yangu kubwa imo kwenye sura ya 9 ya kitabu hicho. Mordekai, mlezi wa malkia Esta, aliwaandikia watu wake waifanye siku ile kuwa ya karamu, ya kupelekeana zawadi na kuwapa maskini. Kwa sheria yao mpaka leo, siku ya Purimu kila mtu mzima lazima ampelekee walau mtu mmoja vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa, na awape maskini wawili. Lazima! Latke unaila palepale penye jiko, wewe na watu wako. Hamantashi imeumbwa itoke nyumbani.

Na mwaka huu nimeyaona kwa macho. Purimu imeangukia ndani ya Ramadhani. Alhamisi tarehe 13 ilikuwa Mfungo wa Esta, ambao wao hufunga tangu alfajiri hadi usiku kukumbuka mfungo ulioagizwa na Esta kabla hajaingia kwa mfalme. Basi jirani yangu, yule bibi wa ghorofa ya pili uliyekuwa ukimbebea mizigo, alikuwa amefunga na mimi nimefunga. Akaniita tuoke pamoja. Wanawake wawili wenye njaa, jikoni mna harufu ya unga, sukari na maganda ya chungwa, na hakuna awezaye kuonja!

Donge alikuwa amelilaza kwenye friji tangu usiku. Tukalisukuma likawa jembamba kidogo kuliko chapati, tukalikata kwa mdomo wa glasi iliyochovywa kwenye unga. Vya ndani alivipika mwenyewe: mbegu nyeusi za mpopi zilizosagwa, zikachemshwa na asali mpaka zikashikana. Kwa kuwa hakuweza kuonja, aliinamia sufuria akavuta pumzi, akaongeza ndimu, akavuta tena. Miaka yote ya maisha yake ameupika mchanganyiko ule, na pua ilimtosha. Unaweka kijiko kimoja cha chai katikati, usizidishe, kisha unainua pande tatu na kuzifinya pembe kwa nguvu, huku bibi akisimama nyuma yako akikwambia finya tena. Ukifinya kwa huruma, zinafunguka ndani ya oveni na vya ndani vinamwagika. Trei nzima huirudisha kwenye baridi kwanza, ndipo iingie motoni. Za kwake zilitoka zimesimama pembe zote tatu, kingo zimeiva rangi ya asali.

Kisha nikamwomba ruhusa, nikajaza zangu tende. Nilizitoa kokwa, nikaziponda na iliki na tone la maji ya moto. Aliniambia Wayahudi wengi hujaza tende, nisione nimevunja mwiko. Karibu saa moja jioni adhana ya simu yangu ikalia, mimi nikafungua kwa moja ya hizo na chai. Yeye alivaa koti akaenda sinagogi bado amefunga, kwanza asikie kitabu cha Esta kikisomwa na watoto wakipiga kelele kila Hamani anapotajwa, ndipo ale.

Kesho yake, Ijumaa, milango ya jengo letu haikupumzika. Mifuko ilikuwa inapanda na kushuka ngazi, hamantashi mbili na chungwa, hamantashi mbili na pakiti ya chai. Mimi si Myahudi, hakuna sheria inayomlazimisha bibi kunipelekea chochote, na bado aligonga. Nilisimama mlangoni nikaona Tanga nzima saa kumi na moja jioni ya Ramadhani, watoto wametumwa na sahani zilizofunikwa kawa, kwa fulani mihogo, kwa fulani kaimati, na sahani ya mtu hairudi tupu. Yake sikuirudisha tupu. Nilimpelekea visheti, nikamhakikishia nimekaanga kwa mafuta mapya ya alizeti, maana najua masharti yake ya chakula, na sufuria niliazima kwake mwenyewe.

Nimekumbuka na jambo jingine la huko kwetu. Kuna Wayahudi Uganda, karibu na Mbale, Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu. Idi Amin aliwapiga marufuku wasiabudu. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na majeshi yetu ya Tanzania yalikuwemo, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ikaingia. Kwa hiyo kisa cha mtawala anayekusudia kukizima kitu kisha akaondoka yeye, sisi watu wa Afrika Mashariki tunakijua bila kufungua kitabu cha Esta.

Sasa nisikunyime haki yako. Latke nzuri ni tamu, na mtu akikataa nitamshangaa. Desemba bibi alinionyesha siri yake. Viazi na kitunguu vikishakwaruzwa huvifunga kwenye kitambaa, akavikamua kwa nguvu zote juu ya bakuli. Yale maji hayamwagi. Anayaacha yatulie, kisha anayamimina taratibu, na chini ya bakuli unakuta wanga mweupe umeganda. Huo anaukwangua na kuurudisha kwenye viazi, akatia yai na chumvi, na ndio unaovishika badala ya kurundika unga. Zinatoka kikaangoni zimekauka kingo, nyororo katikati. Akikaanga kwa mafuta ya kuku hazili na krimu iliyochachuka, kwa sababu kwao nyama na maziwa havikutani. Siku hiyo ni rojo la epo tu. Nilikula nyingi. Lakini zilizobaki nilizipasha kesho yake, na umande ulikuwa umeshaziingia. Latke haina kesho, shoga, na haina safari.

Hamantashi inayo. Yupo mama mmoja anayekuja Tanga mwisho wa mwezi huu, nimempa kopo la bati lenye jina lako. Tabaka la juu ni za mpopi za bibi, la chini ni za tende, na katikati nimeweka karatasi. Hazina siagi wala maziwa, kwa hiyo hazitaharibika njiani. Kama Kwaresima hii umeacha vitamu, ziweke kwenye friza mpaka Pasaka. Ukizitoa saa moja kabla, zitakuwa kama zimeokwa siku hiyo. Za mpopi uzile na chai ya rangi isiyo na sukari. Za tende wape watoto, na mbili tafadhali zivuke ua ziende kwa jirani yako, na chungwa moja juu yake, ndivyo Purimu inavyotaka.

Nawe kama bado unaing'ang'ania latke, viazi vya Lushoto viko karibu nawe, vizuri kuliko hivi vya huku. Kaanga, kamua maji kama nilivyokueleza, usitupe wanga. Kisha nitumie kopo hilohilo, limejaa, tuone zitafikaje Chicago.

Mjibu bibi salamu zake, anakuulizia kila wiki, na amesema hadharani mbele yangu kwamba yeye hana upande. Mimi ninao. Novemba nitakwenda tena Mandel, na barua yako ya kujitetea nataka niwe nayo mkononi.

Ni mimi shogayo