Mnahesabu waliochanjwa, hesabuni na tarehe za vichupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kuhusu chanjo ya Uviko-19. Alipanga nchi kwa asilimia ya waliochanjwa hadi mwisho wa 2021: Rwanda juu kabisa, Tanzania, Burundi na Kongo mkiani. Kisha akahukumu kwamba walio mkiani hawakuwa makini.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa huku Kyela. Nimechanja watoto tangu enzi za kuchemsha sindano, na Uviko ulipokuja niliitwa tena kusaidia. Tarakimu zake sina ugomvi nazo. Ila jedwali lake linahesabu mabega tu. Halisemi kichupa kilifika lini, wala kilifika kikiwa kimebakiza siku ngapi.

Chukua Malawi, ambayo kwetu ni jirani wa ng'ambo ya Mto Songwe. Tarehe 19 Mei 2021 serikali yao iliteketeza dozi 19,610 za AstraZeneca katika tanuri la Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Siku hiyo sisi Tanzania tulikuwa hatujapokea hata shehena moja. Maneno ya sokoni yakawa, "Mnaona? Wenyewe wanaichoma, sumu hiyo." Zilikuwa zimepitwa na muda, basi. Lakini zilipitwaje?

Zilitengenezwa India, katika kiwanda cha Serum Institute. Aliyezinunua kwanza alikuwa Afrika Kusini, dozi milioni moja kwa dola 5.25 kila moja, wakati Ulaya walilipa kama dola 2.15 kwa chanjo ileile. (Duka la namna hiyo, ambalo mwenye nacho huuziwa rahisi, mimi sijaliona hata Kariakoo.) Zilitua Johannesburg tarehe 1 Februari 2021. Wiki haijaisha, utafiti mdogo ukaonyesha kwamba haziwakingi vizuri watu dhidi ya ugonjwa wa wastani unaoletwa na kirusi aina ya Beta, kilichokuwa kimetawala huko. Serikali ikasitisha, ikahamia Janssen, yaani chanjo ya Johnson & Johnson, na dozi zile zikapelekwa Umoja wa Afrika ili zigawiwe nchi nyingine.

Malawi ikapata 102,000. Zilifika tarehe 26 Machi, na mwisho wa matumizi ulioandikwa kwenye vichupa ni tarehe 13 Aprili. Siku 18! Katikati hapo kuna Pasaka. Ndani ya siku hizo uzitoe Lilongwe, uzifikishe wilayani, zishuke zahanati, uwatangazie watu, uwatoe hofu, uwachome. Wenzetu walitumia dozi nane katika kila kumi. Anayejua kazi hii hawezi kuwacheka, mimi nawavulia kofia. Sudan Kusini, waliopokea mgao wa aina hiyohiyo, walilazimika kuteketeza karibu dozi 60,000.

Kongo nao walipokea dozi milioni 1.7 mwanzoni mwa Machi. Nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha AstraZeneca kwa habari za damu kuganda, nao wakaahirisha, wakaanza tarehe 19 Aprili. Walipopiga hesabu wakaona hawatazimaliza kabla ya muda, wakarudisha kama dozi milioni 1.3 zikagawiwe kwingine, zikiwamo Ghana na Madagascar. Katika jedwali la msomaji mwenzangu hiyo ni sifuri. Kwangu mimi, mganga mfawidhi anayekiri mapema kwamba dawa itamharibikia na kuipeleka kituo cha jirani amefanya kazi yake.

Rwanda wanastahili sifa, sikatai. Walitafuta mapema majokofu ya baridi kali ya kuhifadhi Pfizer, shehena ilipofika tarehe 3 Machi helikopta zikaisambaza wilayani, na tarehe 5 wakaanza kuchanja. Hapo ni maandalizi, na tuige. Lakini baadaye mtu asiyechanjwa akazuiwa kupanda basi, na wapo Wanyarwanda waliovuka Ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo, kukimbia sindano. Asilimia ya namna hiyo inapanda, ila muuguzi atakayerudi kijiji hicho na chanjo ya surua ndiye atakayeonja matokeo yake.

Sasa kwetu. Tusiwasingizie wafadhili kwa kila kitu. Januari 2021, pale Chato, taifa liliambiwa na Rais wake wa wakati huo, John Magufuli, kwamba chanjo hizo hazifai. Tulipoteza miezi. Rais Samia alipoingia aliunda kamati, ikatoa ushauri, na tarehe 24 Julai zikafika dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo. Tarehe 28 akachanjwa yeye mwenyewe hadharani. Vikatangazwa vituo 550 kwa nchi nzima.

Vituo 550 vinasikika vingi hadi ukae kwenye kimojawapo. Kichupa cha Janssen kina dozi tano. Ukishakifungua una saa sita, kilichobaki unakimwaga. Sasa anakuja mzee mmoja kutoka Ngonga, kapanda bodaboda ya kuazima nauli. Nifungue? Nikifungua na wengine wasije, dozi nne zinakwenda na maji, na kwenye ripoti naonekana mzembe. Nikimwambia asubiri wenzake wanne, anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha anainuka: "Sista, mpunga wangu unaliwa na ndege," anakwenda zake. Huyo harudi. Kwenye takwimu za taifa anaandikwa kuwa alikataa chanjo, wakati alikuja kwa hiari yake.

Mambo yalibadilika ulipokuja Mpango Shirikishi na Harakishi, tukaacha kusubiri watu hospitalini. Tulibeba kibebeo cha chanjo kwa pikipiki hadi kwenye minada ya kakao, makanisani baada ya ibada, misikitini, Matema kwa wavuvi wanapopanga samaki. Mnadani huhangaiki kutafuta watu watano. Wanakuja kumi, wanabishana nani atangulie, mwingine anataka kujua kama ataruhusiwa pombe jioni. Posho zilichelewa, tena sana, lakini chanjo ilikwenda. Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya asilimia 3. Kufikia Aprili 2023 walikuwa zaidi ya nusu ya nchi. Jedwali linaloishia Desemba 2021 haliwezi kuliona hilo.

Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani, COVAX na taasisi za Afrika walitoa tamko la pamoja: chanjo ya msaada ifike nchini ikiwa na angalau wiki kumi za uhai. Tamko lilikuwa zuri, ila lilikuja baada ya maji kumwagika, na Desemba ya mwaka huohuo Nigeria iliteketeza zaidi ya dozi milioni moja pale Abuja, nyingi zikiwa zimefika na muda mfupi mno. Tamko si sheria. Wizara yetu ya Afya iweke sharti hilo katika maandishi kabla ya ndege kuruka, siyo tu kwa ugonjwa wa mlipuko, hata kwa dawa za kawaida za msaada. Na asiyelitimiza akataliwe, kwa heshima zote, kama Kongo walivyorudisha.

Na wewe Mhariri, ukichapisha tena jedwali la namna ile, mwombe mwandishi aongeze safu mbili: siku zilizobaki kwenye kichupa kilipotua uwanja wa ndege, na umbali wa kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji hadi kituo cha chanjo. Safu ya pili, kwa Kyela, niko tayari kumsaidia kuijaza.

Muuguzi mstaafu,
Kyela, Mbeya