Mhariri, dawa ya meno iacheni kwenye meno

Ndugu Mhariri, salaam. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, ukurasa wa mambo ya nyumbani ndo naanzaga nao kabla hata sijagusa habari kubwa, kwa hiyo msinione mkorofi. Juzi mmeandika eti mkufu wa fedha ukiwa mweusi chukua dawa ya meno na mswaki wa zamani, sugua mpaka uwe mweupe. Jamani! Huo ushauri nimeufuata miaka na miaka na matokeo yake yako hapa mezani naandika huku nayatazama. Ni bangili niliyoachiwa na bibi, ilikuwa na nakshi ya majani kuizunguka yote, leo upande mmoja majani yamebaki kivuli tu, ukipitisha kidole husikii kitu, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja, ndo njia ya mkono wangu ileile. Kung'aa iling'aa, sikatai, ila nilichokuwa nakimwaga na maji kila nikisuuza ni fedha yenyewe.

Manake kosa letu ni kudhani ule weusi ni uchafu. Sio uchafu. Fedha inakutana na salfa iliyoko hewani, au kwenye jasho, au kwenye mpira na sufu, hata yai na kitunguu vinayo, halafu juu yake kunaumbika utando mweusi ambao sehemu yake kubwa ni fedha hiyohiyo. Ukiukwangua umekwangua fedha. Na fedha ni laini, dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, ukijumlisha na mkono wenye hasira basi nakshi haina chake. Zile nyingi zenye muhuri wa 925 maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba, imetiwa ili iwe ngumu kidogo, na hiyo shaba nayo inachangia kuleta weusi.

Sasa kuna njia ambayo haikwangui, na mngeiandika hiyo ningewapigia makofi. Tandika foili ya alumini ndani ya bakuli, upande unaong'aa uwe juu au chini haina shida, weka bangili iguse foili kabisa (isipogusa haifanyi kazi, nilishakosea hapo nikalaumu soda bure), mwagia beking soda kijiko kikubwa kimoja hivi kwa kila kikombe cha maji, kisha maji ya moto yaliyotoka kuchemka. Beking soda nimesema, sio beking pauda na wala sio magadi ya kufulia. Subiri dakika chache utasikia harufu ya yai viza, usishtuke, ndo salfa inaondoka. Alumini inaivua fedha ile salfa na fedha inabaki palepale ilipokuwa, ndo utamu wake, hakuna kilichokwanguliwa. Toa, suuza, kausha na kitambaa laini. Mara ya kwanza niliangalia weusi unaondoka wenyewe bila mkono wangu kugusa, nikakaa chini nikakumbuka ile miaka ya mswaki.

Ila sio kila kitu kinaingia bakulini. Chenye vito vilivyogandishwa kwa gundi, hapana. Lulu, marijani, feruzi, hapana kabisa, hivyo futa na kitambaa chenye unyevu basi. Na zile pete ambazo sonara ametia weusi makusudi kwenye mashimo ya nakshi ili maua yaonekane, ukizitumbukiza zinatoka nyeupe pee kama kijiko na uzuri wote umeisha. Jiki nayo na zile dawa za kuweupisha nguo zisikaribie fedha hata kwa bahati mbaya, zinaitia weusi na kuila.

Shaba ni kesi nyingine. Hii ndimu na chumvi kidogo inatosha, unapaka na kidole unaona rangi nyekundu inarudi hapohapo, lakini lazima usuuze vizuri sana na kukausha mpaka kwenye maungio, asidi ikibaki ndani baada ya siku mbili tatu utakuta ukijani. Mi binafsi shaba naipenda ikiwa ya kahawia, siisugui, ila kila mtu na macho yake. Na ule ukijani unaobaki mkononi ukivaa kikuku cha shaba siku ya jua ni jasho tu limekutana na shaba, sabuni inautoa, sio kwamba umeuziwa feki. Hiyo ndimu lakini msithubutu kwenye hereni ya lulu. Lulu ni jamii ya chokaa, asidi inaila, ninayo moja niliiharibu hivyo, imebaki na uso kama chaki.

Kuhifadhi wala hakuna siri kubwa, mfuko wa plastiki wa kufunga, toa hewa, kila kimoja na mfuko wake, na usifunge mikufu pamoja kwa rababendi manake mpira una salfa, utakuta mstari mweusi pale ulipobana. Pafyumu na losheni kwanza, vito mwisho. Na vivaeni bwana, fedha inayovaliwa kila siku inachelewa kuwa nyeusi kuliko iliyofichwa kabatini.

Kwa hiyo naomba mrekebishe ile habari toleo lijalo, hata kwa mistari mitano. Halafu ile picha mliyoweka juu yake nimeiangalia vizuri, mkufu ule una lulu katikati. Kama mwenyewe yupo hapo ofisini kwenu mwambieni asianze kusugua kabla hajasoma hii barua.

Ni mimi msomaji wenu,
mwenye bangili ya nusu nakshi