Sitara ni ya mtoto, si ya timu

Mhariri,

Likizo ya Agosti ikifika, viwanja vya Amu, yaani mji wa Lamu, na Malindi hujaa watoto wa chini ya miaka 13, 15 na 17. Nyuma ya kila timu yupo kocha wa kujitolea, kamati ya watu watano au sita, na mashabiki wanaochanga nauli ya boti na pesa za jezi. Ni jambo jema, wala hatuandiki kulizuia. Tunaandika kwa kuwa kamati nyingi hazijawahi kukaa chini zikajibu swali hili: mtoto akidhulumiwa na mtu wa timu, habari hiyo inatoka kwenda wapi?

Tumesema “inatoka” kwa makusudi. Kisa cha Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, ambacho mashabiki wa michezo wamekibishania zaidi ya miaka 10, si kisa cha habari iliyokosa wa kuisikia. Ilisikika, na ilipanda ngazi hadi kileleni. Mlango wa nje ndio haikuuvuka.

Kwa asiyekijua, Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa timu ya chuo hicho, ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu unaojaza uwanja wa watu zaidi ya 106,000. Mwaka 1977 alianzisha shirika la kusaidia watoto wenye shida, The Second Mile, na humo ndimo alimowapata aliowadhulumu. Aliwapa tiketi za mechi, nguo, safari za kuandamana na timu. Alistaafu mwaka 1999, lakini aliachiwa ofisi na ufunguo wa majengo ya michezo. Ufunguo huo tutaurudia.

Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kwamba Sandusky ameoga na mwanawe. Polisi wakachunguza, mashtaka hayakufunguliwa. Februari 2001, Ijumaa usiku, kijana aliyekuwa akiwasaidia makocha, Mike McQueary, alimkuta bafuni na mtoto mwingine. Kesho yake akamwambia kocha mkuu, Joe Paterno. Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Curley akashauriana na makamu wa rais wa chuo, Gary Schultz, na rais mwenyewe, Graham Spanier. Hao ni watu wanne juu ya yule aliyeona kwa macho yake, na hakuna hata mmoja aliyepeleka neno kwa polisi wala kwa idara ya watoto. Walichoamua ni kumwambia Sandusky asiwalete tena watoto jengoni, na kulijulisha shirika alilolianzisha yeye mwenyewe. Walikataza mahali, kitendo wakakiacha. Yule mtoto wa bafuni ni mwana wa nani, yuko wapi, yu hali gani, hawakutafuta kujua.

Sandusky alikamatwa Novemba 2011. Juni 2012 alipatikana na hatia katika mashtaka 45, akafungwa miaka 30 hadi 60. Wale watatu wa ofisini walitiwa hatiani mwaka 2017 kwa kuhatarisha ustawi wa watoto; Curley akahukumiwa miezi 3 jela, Schultz na Spanier miezi 2 kila mmoja.

Sasa mashabiki. Usiku wa tarehe 9 Novemba 2011 bodi ya chuo ilimfuta kazi Paterno, aliyekuwa kocha mkuu tangu 1966. Maelfu ya wanafunzi wakamiminika barabarani, wakalipindua gari la kituo cha televisheni. Siku mbili baadaye wengi walikusanyika tena, safari hii na mishumaa mikononi, kuwakumbuka waliodhulumiwa, na wahitimu wa chuo wakachanga zaidi ya dola 500,000 kulisaidia shirika linalohudumia walionusurika. Ni watu wa rangi moja ya jezi na chuo kimoja. Mapenzi yale yale yalipindua gari na yakawasha mshumaa. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema ushabiki ndio ugonjwa. Tatizo ni kwamba mapenzi ya shabiki ni mtaji, na viongozi wa timu wanajua kuutumia mtaji huo kujikinga.

Adhabu nayo ilikuwa na kasoro yake. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilikitoza chuo faini ya dola milioni 60, na pamoja nayo kikafuta ushindi wa mechi 111 wa Paterno, kuanzia 1998. Faini ilikuwa na maana, maana pesa zile zilielekezwa katika kuzuia dhuluma dhidi ya watoto. Kufuta ushindi kuliwapa mashabiki cha kugombania. Miaka miwili na nusu ikapita watu wakihesabu mechi, mpaka ushindi huo ukarejeshwa Januari 2015. Mwenye kuwasikiliza siku hizo angedhani aliyedhulumiwa ni jedwali la matokeo.

Turudi kwetu. Neno linalotufunga midomo huku pwani ni sitara. Utaambiwa mstiri ndugu yako, usiitie timu aibu, funika kombe mwanaharamu apite. Sitara tunaiheshimu, lakini tuiweke inapostahili. Anayestiriwa ni mtoto: jina lake lisitajwe barazani, picha yake isizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp, mtaa wake usitajwe gazetini. Sheria za Kenya zenyewe zinakataza kumtambulisha mtoto wa kesi kama hiyo. Kitendo hakina sitara. Sisi hufanya kinyume chake: jina la mtoto linafika sokoni kabla ya adhuhuri, na jina la kocha linabaki kamatini. Kule Pennsylvania, jimbo la chuo hicho, mvulana ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyofungua uchunguzi wa mwisho alilazimika kuihama shule yake kwa kuonewa na wenzake.

Kizuizi kingine ni udugu. Amu ni mji wa watu wanaojuana. Mwenyekiti ni mjomba wa kocha, katibu ameoa kwao. Kumwambia mtoto “ukiwa na shida mwone mwenyekiti” ni kumrudisha palepale. Timu iteue watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, wote wawili wasiwe na nasaba na kocha wala wao kwa wao, na mmoja wao atoke mtaa mwingine. Kazi yao si kuchunguza. Ni kupokea na kupeleka siku hiyo hiyo kwa polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Nambari 116 ni ya simu ya watoto. Hailipiwi, na hupokewa usiku na mchana. Majina ya wawili hao na nambari hiyo yabandikwe mahali mtoto anapofika peke yake. Ukuta wa ofisi ya katibu haufai.

Wawili hao wasisahau kuongea na watu wa chini. Uchunguzi wa Penn State uligundua kuwa mwaka 2000 mfagizi mmoja alimwona Sandusky na mtoto, akawaeleza wenzake, wakanyamaza wote kwa kuogopa kufutwa kazi. Kwetu watu hao ni mchunga uwanja, nahodha wa boti, mama anayepika kambini. Waambiwe mbele ya kamati nzima kwamba wao pia wana haki ya kupiga 116 bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtoto akisema, mambo huharibika saa chache za mwanzo, tena kwa nia njema. Mama humwosha mtoto na kufua nguo. Kamati humwita mtoto arudie maneno mbele ya wazee watano, kila mmoja na swali lake, na kufikia mahakamani maneno yameshabadilika mara tano. Mtu mwingine humwendea kocha “kumuuliza kwanza”, akampa muda wa kufuta jumbe za simu. Mtoto asikilizwe na mtu mmoja, mara moja. Yaandikwe maneno yake kama alivyoyatamka. Akisema Kiamu, lahaja yetu, yaandikwe kwa Kiamu, pamoja na tarehe, saa na sahihi ya msikilizaji. Asiulizwe “alikushika hapa?” bali “kisha ikawaje?” Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza.

Hospitali ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia HIV hazifai kuanzishwa baada ya hapo, na zikianza humezwa siku 28. Kwa msichana, dawa ya kuzuia mimba ina nafasi hadi saa 120. Daktari ajaze fomu ya PRC, ile ya matibabu baada ya kubakwa; polisi watoe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ile ya ripoti ya daktari inayopelekwa mahakamani. Matibabu haya katika hospitali ya serikali hayalipiwi. Na asiambiwe mtu kwamba lazima aanze kituoni ndipo atibiwe. Hospitali inapokea kwanza. Kwa watu wa Faza, Kizingitini na Pate, wanaokaa kisiwani, hesabu ni kali zaidi, kwani maboti yanafuata maji. Kikao cha kamati kikisubiriwa hadi jioni, maji yakapwa, siku imekwisha. Nauli ya dharura ya mtoto na mtu mzima mmoja ikae kwa mweka hazina tangu mwanzo wa msimu, isichanganywe na ya jezi.

Wazee wanaopenda kulimaliza jambo barazani kwa fidia wajue kwamba fidia haiui kesi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, anayeweza kuisimamisha kesi kama hii ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si baba wa mtoto wala imamu. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20. Miaka 16 na 17 ni kisichopungua miaka 15. Mvulana na msichana ni sawa hapo, jambo ambalo wengi mitaani hawalijui. Na yule wakili wa barazani anayesema “hakuna shahidi” asome kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi: katika kesi ya kingono hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, akiridhika kuwa anasema kweli na akaandika sababu zake.

Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kitakiwe kwa kila kocha, lakini kisiaminiwe kupita kiasi. Kinaonyesha rekodi ya uhalifu iliyopo tu. Sandusky angekiomba mwaka 2008 kingetoka safi kama sahani mpya. Kinachosaidia zaidi ni simu mbili kwa timu mbili alizotoka, na swali moja: mngempokea tena? Ukimya wa upande wa pili ni jibu. Hapa Lamu na Malindi tumezoea kumwondoa mtu kimya kimya na kumwandikia barua nzuri ili aende zake. Barua hiyo ndiyo inayompandisha basi kuelekea kwa watoto wa wengine.

Sasa ufunguo. Chumba cha jezi kiwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili tofauti, na daftari la nani kafungua saa ngapi. Anayeacha kazi arudishe ufunguo siku hiyo hiyo, hata akiwa ameipa timu makombe 20. Mtu mzima asioge wala kubadilisha nguo na watoto. Safari ya kulala iwe na watu wazima wawili wasio ndugu, mmoja mama wa mchezaji, na walale chumba kingine. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi ambalo wazazi wamo, usiende kwa mtoto pekee. Njumu na zawadi nyingine zipitie kamatini ziandikwe. Kocha asimpe mtoto mmoja kitu mkono kwa mkono. Kocha mwema hatachukizwa na haya, kwa sababu yanamkinga na yeye. Atakayenuna tumtazame vizuri.

Shabiki anayechanga ana sauti, ila huitumia kumzomea refa. Kabla ya kutoa mchango wa msimu, aulize kikaoni: funguo ziko kwa nani, nani analala na watoto safarini, na malalamiko yanapelekwa wapi nje ya timu. Ajibiwe kwa maandishi, ndipo atoe. Tumewahesabu wanaochanga kwa timu moja ya kawaida ya mtaa, hawafiki 40. Kumi wakiubana mkono, kamati itaandika kabla ya Ijumaa.

Nanyi wa magazeti, mjue kwamba kisa cha Penn State kilifichuliwa na mwandishi kijana wa gazeti la mkoani, Sara Ganim, aliyeandika Machi 2011 juu ya uchunguzi uliokuwa ukiendelea, miezi saba kabla ya mtu kukamatwa. Mwaka uliofuata alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Sisi hatuombi makubwa hayo. Tunaomba ukurasa wa michezo wa Jumamosi, chini ya ratiba ya mechi za chipukizi, uwe na mstari mmoja wenye nambari 116, kwa herufi zinazosomeka na mtoto wa darasa la nne.

Walezi wa timu za watoto,
Langoni, Lamu